Soma Kabla ya Kupaka

SOMO LA LEO: HISTORIA YA VIPODOZI VYA WANAWAKE

Somo letu la leo linaanzia kwenye kopo moja dogo. Kopo hilo lililetwa na mama mmoja, mwanakisomo wa darasa letu la jioni. Alikuwa amelifunga katika pindo la kanga. Akalifungua, akaliweka juu ya meza, akasema: "Mwalimu, mmetufundisha kusoma gazeti na kusoma barua za watoto wetu. Sasa nisomeeni na hiki."

Lilikuwa kopo la krimu ya uso. Juu ya mfuniko palikuwa na picha ya mwanamke mwenye uso mweupe kama unga. Mama yule alieleza kwamba krimu si yake. Ni ya mkamwana wake, mke wa kijana wake mkubwa, aliyeinunua mnadani. Tangu aanze kuipaka uso umekuwa mweupe kweli. Lakini mikono inamtetemeka, na usiku hapati usingizi. Tena ana mimba ya miezi mitano.

Tulilichukua kopo tukaligeuza huku na huku. Hapakuwa na jina la kiwanda. Hapakuwa na orodha ya vitu vilivyomo. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, tuliona maneno machache ya Kiingereza. Yalisema kwamba krimu hii isiachwe iguse dhahabu wala fedha. Tukayaandika ubaoni kwa Kiswahili. Darasa likanyamaza.

Kisha mzee mmoja aliyekaa nyuma akainua mkono. "Mwalimu, mimi nilikaa Chunya miaka mingi nikichimba dhahabu. Kitu cha namna hiyo nakijua. Ni zebaki. Ukiishika zebaki na pete ya dhahabu kidoleni, pete inageuka nyeupe hapo hapo."

Yule mama akamgeukia. "Basi ndugu yangu, kama inageuza dhahabu, itaiachaje ngozi ya mtoto wangu?"

Swali hilo ndilo somo la leo. Tutajifunza vipodozi vimetoka wapi, nani alivitengeneza, vipi vilisaidia na vipi viliua. Mwishoni tutajifunza namna ya kulisoma kopo kabla ya kutia kidole ndani yake.

KUJIPAMBA NI JAMBO LA KALE

Kuna watu husema kwamba kujipamba ni mambo ya mjini na ya kisasa. Si kweli. Binadamu amejipamba tangu zamani sana.

Hebu tuitazame nchi ya Misri. Zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, Wamisri walisaga mawe ya rangi juu ya vibao vya mawe, wakachanganya na mafuta, wakajipaka kuzunguka macho. Wanawake walipaka, na wanaume walipaka pia. Wanja wao mweusi ulitokana na jiwe lenye madini ya risasi. Rangi yao ya kijani ilitokana na jiwe lenye shaba. Vibao hivyo na vichupa vya wanja vimefukuliwa makaburini, na leo vimewekwa katika majumba ya makumbusho.

Pwani yetu nayo ina historia yake. Wanja wa manga ulikuja kwa majahazi kutoka Arabuni, ndiyo maana ukaitwa hivyo, kwa kuwa Manga ni jina la zamani la Arabuni. Wanawake wa Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu walitumia hina, liwa, dalia, asumini na mafuta ya nazi. Hina ni majani ya mti. Hukaushwa, husagwa, huchanganywa na maji au ndimu, kisha hupakwa mikononi na miguuni. Majani hayo yana rangi inayoshika kwenye ngozi kwa siku nyingi. Liwa ni mti wenye harufu nzuri. Husuguliwa juu ya jiwe pamoja na maji, ukapatikana ute wa kupaka usoni.

Huku bara nako watu hawakukaa bure. Wamasai walichanganya udongo mwekundu na mafuta, wakajipaka mwilini na kwenye nywele. Kwingine watu walijipaka samli, au mafuta ya mbarika ambayo wengine tunayaita mafuta ya nyonyo. Mbarika huota hata nyuma ya nyumba, na wengi hatuuthamini. Lakini mafuta ya mbegu zake hutumika mpaka leo viwandani kutengenezea rangi za mdomo. Kwa hiyo mama wa mjini anayepaka rangi mdomoni, huenda anapaka kitu ambacho mama wa kijijini anakikanyaga njiani.

Tukumbuke jambo moja hapa. Vitu vingi vya zamani vya kwetu vilitengenezwa na mtu aliyejulikana. Bibi alisaga liwa mbele ya macho yako. Ulijua kilichomo. Lakini si kila kitu cha zamani ni salama. Wanja wenye risasi una sumu, hata kama umetumika miaka 5,000. Uzee wa kitu hauondoi sumu yake.

USO MWEUPE WA RISASI

Sasa twende Ulaya. Tunaposema risasi hapa hatusemi risasi ya bunduki. Tunasema madini yenyewe, yale mazito na laini ambayo risasi za bunduki hutengenezwa kwayo.

Tangu zama za Wagiriki na Warumi, wanawake wa tabaka la juu walijipaka unga mweupe usoni. Sababu ilikuwa nini? Mwanamke maskini alifanya kazi shambani juani, akaungua na jua. Mwanamke tajiri alikaa ndani. Kwa hiyo uso mweupe ulikuwa tangazo. Ulisema: mimi sishiki jembe.

Unga huo ulitengenezwa hivi. Vipande vya risasi viliwekwa juu ya vyungu vyenye siki. Vyungu vikafukiwa katika samadi ili vipate joto. Baada ya wiki nyingi risasi ilifanya ukoko mweupe. Ukoko huo ulikwanguliwa, ukasagwa, ukawa unga laini unaoshika usoni vizuri sana. Ulishika vizuri, lakini ulikuwa sumu. Uliharibu ngozi, ukafanya nywele kunyonyoka, na ukiingia mwilini uliharibu neva na damu. Balaa ni kwamba ngozi ilipoharibika, mwenyewe alizidi kupaka unga ili kuficha madoa. Akawa anaficha jeraha kwa kisu kile kile kilichomkata.

Uingereza wanakumbuka kisa cha Maria Gunning. Alikuwa mwanamke mzuri aliyesifiwa London nzima, akaolewa na mtu mkubwa mwenye cheo. Alipenda kujipaka unga wa risasi. Alifariki mwaka 1760 akiwa bado kijana, na watu wa wakati wake waliamini kwamba vipodozi ndivyo vilivyomuua.

Ndugu wasomaji, Maria Gunning hakuwa mjinga. Wakati huo hapakuwa na sheria ya vipodozi. Hakuna muuzaji aliyelazimika kueleza kilichomo, na hakuna aliyeulizwa mtu alipokufa.

MAFUTA YA MGANDO NA MAMA WALKER

Si kila uvumbuzi ulikuwa wa hatari. Tuangalie miwili iliyoanza kwa watu kutazama shida kwa makini.

Mwaka 1859 mafuta ya petroli yalichimbwa huko Titusville, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kijana mmoja aitwaye Robert Chesebrough alikwenda kuangalia. Akaona wafanyakazi wanalalamika juu ya uchafu mzito kama nta unaoganda kwenye mitambo. Lakini hao hao wakikatwa au wakiungua, wanachota uchafu ule wanapaka kwenye kidonda. Chesebrough akachukua uchafu ule akausafisha miaka mingi mpaka ukawa mweupe usio na harufu. Mwaka 1872 alipata hati ya serikali ya uvumbuzi wake, akauita Vaseline. Sisi tunaita mafuta ya mgando. Hayaleti rangi mpya, wala hayafanyi miujiza. Kazi yake ni kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi, basi. Chesebrough mwenyewe aliishi miaka 96.

Uvumbuzi wa pili ni wa mama mmoja mweusi wa Marekani. Jina lake la kuzaliwa ni Sarah Breedlove. Alizaliwa mwaka 1867 katika jimbo la Louisiana, kwenye shamba la pamba. Wazazi wake walikuwa wametoka utumwani muda mfupi tu kabla ya hapo. Alikuwa yatima akiwa na miaka 7, akaolewa akiwa na miaka 14, akawa mjane akiwa na miaka 20, na mtoto mmoja wa kike mkononi. Shule alikuwa ameionja miezi michache tu.

Sarah alikwenda mji wa St. Louis, akafanya kazi ya kufua nguo za watu. Mshahara wake ulikuwa dola moja na kidogo kwa siku. Nywele zake zikaanza kunyonyoka. Haikuwa shida yake peke yake. Siku hizo maskini wengi hawakuwa na maji ya bomba nyumbani. Kuosha nywele kulikuwa kazi kubwa, na ngozi ya kichwa ilishikwa na mba na magonjwa.

Kwanza Sarah aliuza dawa za nywele za mama mwingine mweusi, Annie Malone, ambaye naye alikuwa mvumbuzi hodari. Baadaye akatengeneza mchanganyiko wake. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya mgando na kibiriti upele, ambacho huua vijidudu vya ngozi. Tena aliwafundisha wateja kuosha nywele mara kwa mara. Mwaka 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, na tangu hapo akajulikana kwa jina la Madam C. J. Walker. Watu wengi husema kuwa yeye ndiye aliyevumbua chanuo la moto la kunyoosha nywele. Si kweli, vyuma vya moto vya nywele vilikuwapo Ufaransa kabla yake.

Mwaka 1910 alihamia Indianapolis akajenga kiwanda. Akafundisha maelfu ya wanawake weusi kuuza bidhaa zake nyumba kwa nyumba. Mwanamke aliyekuwa mfuaji au mpishi wa watu akawa na pesa yake mwenyewe. Na mama huyu, akiwa tayari na kiwanda, hakuona haya kujifunza. Mfanyakazi wake mmoja aliyewahi kuwa mwalimu alimsaidia kuboresha kusoma na kuandika kwake. Yaani alikuwa mwanakisomo kama sisi!

Mwaka 1912 alikwenda kwenye mkutano mkubwa wa wafanyabiashara weusi mjini Chicago. Mwenyekiti hakutaka kumpa nafasi ya kusema. Siku ya mwisho akasimama mwenyewe, akaeleza jinsi alivyotoka shamba la pamba mpaka kwenye kufua, na kutoka kufua mpaka kwenye kiwanda. Mwaka uliofuata alialikwa rasmi kuhutubia. Akina mama mnaonyimwa nafasi ya kusema katika mikutano ya kijiji, kisa hiki kiwekeni akilini.

Madam Walker alifariki mwaka 1919. Jambo moja zaidi tuliseme. Katika uhai wake hakuuza dawa ya kubadili rangi ya ngozi. Kampuni ilianza kuiuza baada ya yeye kufa.

MACHO YALIYOLETA SHERIA

Wakati huo huo Ufaransa, mkemia Eugène Schueller alitengeneza rangi ya nywele mwaka 1907. Mwaka 1909 akafungua kampuni yake, akaipa jina lenye maana ya "rangi za nywele zisizodhuru". Tujiulize: kwa nini alihitaji kusema hazidhuru? Kwa sababu watu walikuwa wameanza kuona kwamba rangi nyingi za nywele zinadhuru.

Kemikali moja inayotia nywele weusi ina jina refu, lakini kwa kifupi huitwa PPD. Mwaka 1933 ilitiwa katika rangi ya kope iliyouzwa Marekani. Wanawake walikwenda saluni kupakwa rangi wapendeze. Macho yakavimba yakatoa usaha. Kuna mama aliyepofuka, na kuna aliyekufa. Serikali ilipotaka kuiondoa rangi ile madukani haikuweza, kwa kuwa hapakuwa na sheria juu ya vipodozi. Picha za macho yale zilionyeshwa kwa wananchi na wabunge. Mwaka 1938 sheria mpya ikapitishwa, na vipodozi vya hatari vikaweza kukamatwa.

Ndugu wasomaji, jambo hili linatuhusu. Ile piko nyeusi inayopakwa maharusi siku hizi mara nyingi si hina. Ni unga wa rangi ya nywele wenye PPD. Hina ya kweli haiwi nyeusi tii. Huwa nyekundu au kahawia. Piko imewaunguza ngozi watu wengi, na wengine wamebaki na makovu ya maua mikononi mwao. Bibi harusi asipakwe kitu ambacho hakuna aliyesoma paketi yake.

ZEBAKI NA MKOROGO

Sasa turudi kwenye kopo letu.

Ngozi yetu ina rangi kwa sababu maalumu. Ndani ya ngozi mna vijumba vidogo vinavyotengeneza rangi nyeusi. Rangi hiyo ni kama mwavuli. Huzuia ukali wa jua usiharibu ngozi na kuleta saratani. Mtu mweusi amezaliwa na mwavuli wake.

Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi hiyo. Ndiyo maana mtu akipaka anakuwa mweupe. Lakini zebaki haikai juu. Inapenya ngozi, inaingia kwenye damu, inakwenda kwenye figo. Figo ni chujio la damu. Chujio likitoboka, protini ya mwili inatoka na mkojo, na mtu anavimba uso na miguu. Zebaki huenda pia kwenye neva. Mikono inatetemeka, usingizi unapotea, mtu anakuwa na hasira au huzuni bila sababu. Mama mjamzito akiwa nayo, hupita mpaka kwa mtoto tumboni. Mama anayenyonyesha huitoa katika maziwa.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 1972 madaktari walichapisha taarifa ya wagonjwa 60 wa figo waliotibiwa Nairobi. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Walipoacha krimu, baadhi yao walipona.

Kemikali nyingine huitwa haidrokwinoni. Kisa chake ni cha ajabu. Miaka ya 1930, katika kiwanda cha ngozi huko Marekani, wafanyakazi walivaa glavu za mpira. Baada ya muda mikono yao ikapoteza rangi mabaka mabaka. Ikagunduliwa kuwa ndani ya mpira ule mlikuwa na kemikali ya kuufanya udumu. Wafanyakazi walilia kwa ajali ile, lakini wafanyabiashara waliona soko. Haidrokwinoni ni jamaa ya kemikali ile, na hutumika pia kusafishia picha za kamera. Mtu akiipaka kwanza anakuwa mweupe. Akiendelea miaka mingi, ngozi inaweza kugeuka nyeusi ya buluu yenye vipele, na mara nyingi hairudi. Afrika Kusini madaktari waliona wagonjwa wengi sana wa namna hiyo, na mwaka 1990 nchi hiyo ikazipiga marufuku krimu za haidrokwinoni.

Tatu, ziko krimu za hospitali zinazotibu ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi. Daktari huzitoa kwa siku chache. Watu huzinunua dukani wakapaka miezi na miezi. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, na mishono ya operesheni inakuwa vigumu kushika. Wengine huchanganya vyote hivi katika bakuli moja. Huo ndio mkorogo. Kwenye mkorogo hata anayeuza hajui alichokoroga.

Basi sikilizeni jambo hili. Nchi za Ulaya zilikataza sabuni za zebaki zisiuzwe kwa watu wao. Lakini viwanda vya huko viliendelea kuzitengeneza kwa ajili ya kuuza nchi nyingine, Afrika ikiwemo. Ilikuwa mpaka mwaka 2003 ndipo Umoja wa Ulaya ulipokataza kuzisafirisha nje. Kwa miaka mingi kitu kilichokuwa sumu kwao kilikuwa bidhaa kwetu.

Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana juu ya mkataba wa zebaki, ulioitwa Mkataba wa Minamata. Minamata ni mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki, wakapooza, na watoto wakazaliwa na ulemavu. Mkataba ulianza kufanya kazi mwaka 2017, na mwaka 2023 mataifa yakakubaliana kwamba kufikia mwaka 2025 kipodozi chochote kinachotiwa zebaki kikomeshwe. Tanzania, Kenya na Rwanda zina sheria za kukataza vipodozi hivi. Tanzania Bara, tangu mwaka 2019 kazi hiyo iko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Lakini sheria haifiki kila mnada. Kwenye mnada, mlinzi wa kwanza ni macho yako.

JINSI YA KULISOMA KOPO

Karatasi iliyobandikwa kwenye kopo au paketi huitwa lebo. Usinunue kabla ya kuisoma. Fuata hatua hizi:

1. Tafuta jina la kiwanda na nchi. Kama hakuna, rudisha kopo. Mwenye kuficha jina lake ana sababu.

2. Tafuta orodha ya vitu vilivyomo. Kama hakuna, rudisha kopo.

3. Tafuta tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi.

4. Jifunze sura ya maneno haya matatu, hata kama hujui Kiingereza. Yanakili katika daftari lako: MERCURY ni zebaki. CALOMEL ni aina ya zebaki. HYDROQUINONE ni haidrokwinoni. Ukiyaona, usipake.

5. Angalia kama pameandikwa kwamba isiguse dhahabu, fedha au vito. Hiyo ni dalili ya zebaki hata kama haikutajwa.

6. Usinunue krimu iliyopimwa kwa kijiko kutoka ndoo kubwa, au iliyotiwa katika kopo la kitu kingine.

Na wewe uliyekwisha kupaka, usikate tamaa wala usijifiche. Acha krimu ya zebaki, ioshe, na kopo lako lipeleke zahanati ukalionyeshe. Mwambie mganga kweli, hasa kama una mimba au unanyonyesha. Aliyetumia krimu za hospitali muda mrefu apate ushauri kwanza, maana kuziacha ghafula kunaweza kuleta shida nyingine.

YULE MKAMWANA

Mtauliza, je, yule mkamwana alikuwaje? Mama mkwe wake aliyanakili maneno ya ubaoni kwa mkono wake, akaenda nayo nyumbani, akamsomea. Kesho yake wakaenda zahanati pamoja. Alipimwa mkojo na presha, akaambiwa aache mara moja, akapelekwa hospitali ya wilaya. Alijifungua huko huko, mtoto wa kike. Mikono iliacha kutetemeka polepole. Uso ulirudi na mabaka, na kwa miezi mingi alikuwa akijifunika kanga akienda kisimani.

Jioni moja mume wake alikuja darasani kumchukua mama yake. Akatukuta katika majadiliano. Tulikuwa tunauliza: nani aliyemwambia binti huyu kwamba rangi yake ni mbaya? Kila mtu alitaja watu wa mbali: viwanda, picha, watu wa mjini. Kijana akasimama mlangoni akasikiliza. Kisha akasema taratibu: "Ni mimi. Nilimwambia mke wa jirani anang'aa." Hakuna aliyemcheka.

Ndugu wasomaji, kujipamba si kosa. Hina ipakwe, nywele zisukwe, mafuta ya nazi yang'arishe ngozi. Lakini unga wa risasi, rangi ya kope na krimu ya zebaki vilipita njia moja: mtu aliambiwa hapendezi alivyo, kisha akauziwa kopo lisilosema kweli. Kusoma kunaweza kulifumbua kopo. Lile neno la kwanza, la kumwambia mwenzako hapendezi, ni juu yetu sote kuliacha.

MANENO YA KUJIFUNZA

Zebaki: madini ya majimaji yanayong'aa kama fedha, hutumiwa na wachimbaji kukamatia dhahabu.
Risasi: madini mazito na laini yenye sumu.
Figo: kiungo cha mwili kinachochuja damu na kutoa mkojo.
Lebo: karatasi ya maelezo iliyobandikwa kwenye kopo, chupa au paketi.
Mkorogo: mchanganyiko wa krimu na kemikali za kubadili rangi ya ngozi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini wanawake matajiri wa Ulaya walipenda uso mweupe? Je, kwetu sababu ni hiyo hiyo?
2. Madam Walker alitatua shida gani ya kweli? Kikundi chenu kinaweza kutengeneza nini kwa nazi, mbarika au nta ya nyuki?
3. Leteni makopo na paketi zilizomo majumbani mwenu. Someni lebo pamoja. Ni mangapi yana jina la kiwanda, orodha ya vitu na tarehe?
4. Swali la wanaume: ni maneno gani tunayowaambia wake zetu na mabinti zetu yanayowapeleka kwenye mkorogo?
5. Andika barua fupi kwa binti yako au mdogo wako anayeishi mjini. Mweleze mambo mawili uliyojifunza leo.